Mbwa Kiziwi na Mbuzi Wangu

Hasira zangu nimezirithi kwa mama, nalisema hili mapema ili mbele ya safari mtu asishangae. Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani Kitangari, kwanza nikisubiri matokeo, kisha nikisubiri kupangiwa chuo, na kazi zangu zilikuwa mbili, kuchota maji na kupigana na ngedere. Maji yalikuwa mbali na foleni ya ndoo haikuisha, lakini maji hayana dharau. Ngedere wana dharau. Walikuwa wakiingia shambani kwetu saa nne asubuhi, jua likishapanda, wakavunja hindi, wakaling'ata mara moja, wakalitupa na kuvunja jingine. Ukiwapigia kelele wanakutazama kwanza, wanajikuna, ndipo wanaondoka.

Baba alijenga dungu katikati ya shamba, kichanja cha miti ambacho mlinzi hukaa juu yake aone pande zote. Kuona aliona. Kukimbia ndiko hakuweza, goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu siku alipoanguka na gunia la korosho ghalani. Mbwa wetu wa zamani alikuwa amekufa kwa uzee kabla ya mvua. Kwa hiyo baba alikuwa anakaa juu, anapaza sauti, mimi nakimbia chini na kijiti, na ngedere wanakula.

"Bila mbwa mwaka huu tutakula majani," alisema siku moja akishuka ngazi.

Baba alikuwa na rafiki mmoja Chiungutwa, huko chini upande wa Masasi. Walijuana ujanani kwenye ghala hilohilo la korosho. Rafiki huyo ni Mmakua, sisi ni Wamakonde, na basi walikuwa watani. Tangu nipate akili sikuwahi kuwasikia wakisalimiana kwa heshima. Yule akifika kwetu humuuliza mama kwa sauti kubwa kama mumewe bado hajafa, maana yeye amekuja na jembe la kumzikia. Baba naye humjibu kwamba Mmakua hakaribishwi mpaka akaguliwe mifuko. Mama alikuwa akiandaa chakula huku anacheka. Mimi nilidhani kila mtu ana mtu wa namna hiyo. Sasa nimekua, nimeishi mjini, najua kwamba sivyo.

Mtani huyo alipiga simu akasema ana mbwa wa shamba, dume, miaka mitatu, hana mfano. Fedha hakutaka. Alitaka mbuzi jike mwenye mimba.

Mbuzi jike mwenye mimba pale nyumbani alikuwa mmoja, naye alikuwa wangu. Bibi yangu mzaa mama alinipa akiwa bado ananyonya, nami nikamlea kwa maganda ya mihogo na majani ya kunde. Alikuwa mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na alikuwa ananifuata mpaka kisimani. Baba hakuniamuru. Aliniuliza, jambo ambalo kina baba wengi kwetu wasingelifanya, na mimi nikakubali upesi kuliko alivyotarajia.

Siku ya kubadilishana mtani alikuja na gari la mizigo lililokuwa linapanda kuchukua mihogo. Alishuka na mbwa wa rangi ya udongo, kifua kipana, miguu mikavu, macho yasiyotulia. Akainua kiganja, mbwa akaketi. Akageuza kiganja, mbwa akalala. Akaonyesha kidole upande wa shamba, mbwa akasimama na kutazama kulekule. Yote hayo bila neno hata moja.

"Mbwa wa kupigiwa kelele ni wa watu wa mjini," alisema. "Huyu ana adabu kukushinda wewe Mmakonde."

Mimi nikataka kumpigia mluzi. Mtani akaninyooshea mkono upesi. "Binti, mbwa akihama haitwi. Siku tatu. Hujafundishwa?"

Nilikuwa nimefundishwa. Nyumbani kwetu, tangu kwa babu, mbwa aliyetoka kwa mtu mwingine huwa haitwi jina, hapigiwi mluzi wala hasemeshwi mpaka alale siku tatu. Wazee walisema ukimwita mapema atatafuta sauti ya mwenyewe wa kwanza na kurudi alikotoka. Siku ya nne mwenye nyumba humpa jina jipya, na sauti hiyo ndiyo inayomfunga. Baba alitikisa kichwa kukubali, akafurahi hata, kwamba Mmakua anaheshimu mambo ya watu.

Kabla ya kuondoka mtani alimtazama mbuzi wangu, akampapasa tumbo, akasema mambo mawili. Kwamba siku zake zimekaribia. Na kwamba binti yake amejifungua mtoto wa kike na hajainuka kitandani tangu hapo, maziwa yake hayatoki, na mtoto analishwa uji mwepesi kwa kijiko, jambo lisilofaa kwa mtoto wa umri ule. Alisema bila utani wowote. Kisha akamfunga mbuzi kamba, akampakia garini, wakashuka.

Tulikaa na mbwa siku tatu kimya kabisa. Tulimwelekeza kwa kamba na kwa bakuli la ugali. Siku ya nne asubuhi baba alivaa shati safi, akaketi mlangoni, akamwita kwa jina alilokuwa amelichagua wiki nzima. Mbwa alikuwa amempa mgongo, anatazama kuku. Baba akaita tena. Akaita mara ya tatu kwa sauti ya kwenye dungu, ile inayofika kwa majirani. Mbwa akapiga miayo. Jina hilo sitaliandika hapa, kwa sababu baba hakulitamka tena, na mbwa mwenyewe hakulisikia hata siku moja.

"Bado anaomboleza kwao," alisema baba.

Mchana wa siku hiyo mbwa alilala katikati ya njia. Bodaboda ikaja, dereva akapiga honi toka mbali, akapiga tena, akapiga mpaka jirani akatoka ndani, na mwishowe akakwepa na kuingia na pikipiki yake kwenye mihogo yetu. Mbwa aliamka pale vumbi lilipomwingia puani. Mama alikwenda jikoni akachukua sufuria kubwa na mwiko, akanyata mpaka nyuma ya mbwa, akaigonga sufuria kwa nguvu zake zote. Kuku walitawanyika. Mimi niliziba masikio. Mbwa akaendelea kujilamba mguu.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. "Baba watoto," alisema, "umeuziwa kiziwi."

Watu husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Sisi tulioneshwa mbwa juani, mchana kweupe, tukamzunguka mara mbili, na bado tukaliwa, kwa sababu ya adabu zetu wenyewe. Siku hiyo baba hakupanda dungu. Nilijua kinachomuuma si mahindi. Yule alikuwa mtani wake wa miaka thelathini, naye hakujua kama ametaniwa au ameibiwa, na kati ya hayo mawili hakuna cha katikati. Ukitaniwa unacheka. Ukiibiwa unashtaki, na ukishamshtaki mtani hamtaniani tena.

Mama alitaka mbuzi arudi. Mimi nilitaka zaidi. Nilimpigia baba kelele kwa adabu, kama mtoto anavyoweza kumpigia mzazi kelele kwa adabu, wiki nzima. Mbuzi ni wangu, nilisema, nilimpa kwa moyo, sikumpa ili nichekwe. Mwishowe baba akakubali twende Chiungutwa tukaseme mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Tulimpakia mbwa kwenye gari lililokuwa linashuka Masasi, katikati ya magunia, akaweka kidevu chake juu ya goti bovu la baba njia nzima. Baba hakumsukuma.

Tulifika mwenyekiti hajaja. Baba akaomba akamwone mbuzi kwanza, akaenda nyuma ya nyumba ya mtani peke yake. Alirudi baada ya muda mrefu kidogo, akaketi kwenye benchi polepole. Nilidhani ni goti.

Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Watu walikusanyika barazani pa ofisi ya kijiji, maana kesi ya mbwa haitokei kila siku. Nyuma yao alikaa mke wa mtani na kile kitoto mapajani.

"Mzee," aliuliza mwenyekiti, "ulijua mbwa huyu hasikii?"

"Nilijua, mwenyekiti. Aliugua akiwa mdogo, nusura afe. Akapona, masikio yakabaki hukohuko."

"Mbona hukumwambia mwenzako?"

"Nilimpa macho, pua, miguu na meno. Masikio hakuuliza."

Watu wakacheka. Baba mwenyewe alicheka puani, nikamkasirikia. Mtani akaendelea, "Na huyu ni Mmakonde wangu. Nikimwambia kila kitu, utani utabaki wa nini?"

"Utani wa msibani naujua," alisema mwenyekiti. "Wa harusini naujua. Utani wa kubadilishana mali ndio nausikia leo."

Hapo nikasimama. Nilisema shikamoo, mwenyekiti akaitikia marahaba mwanangu, sema. Nikasema. Nilikuwa nimejiandaa toka Kitangari na maneno yalitoka yamepangwa. Nilisema mbuzi ni mali yangu, si ya baba. Nilisema mwenye haki husema kasoro ya kitu chake kabla hajapokea cha mwenzake, na anayenyamaza ni mwizi sawasawa na anayevunja mlango. Nilimwita mwizi mtu mzima, mbele ya kijiji chake, na nikajisikia vizuri.

Mtani alinitazama tu, bila hasira. Nami nikayakwepa macho yake, yangu yakaenda nyuma kwa mkewe. Alikuwa na kikombe cha bati na kijiko, anamlisha mtoto. Kikombe kiliinamishwa sana, maana kilichokuwa ndani kilikuwa kidogo. Mtoto alikunywa, akafungua mdomo tena, na bibi akakikwangua kikombe.

Mbuzi wangu alikuwa na chuchu moja iliyokufa. Alipozaa mara ya kwanza kiwele kilivimba upande wa kushoto, kikawa kigumu kama jiwe, nikamkanda kwa maji ya moto wiki mbili mpaka akapona, lakini upande ule haukutoa tena hata tone. Nilimhudumia mimi, kwa hiyo nilijua mimi tu. Ndiyo sababu nilikubali upesi kumtoa. Siku ile mtani aliposema mtoto hana maziwa nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na masikio yangu mimi yalikuwa mazima.

Sentensi niliyokuwa nayo mdomoni sikuimaliza. Mwenyekiti akasubiri. Baba akasimama polepole, akishikilia benchi.

"Mwenyekiti, naomba niliondoe shauri langu."

"Umeridhika, mzee?"

"Nimeridhika. Nitarudi na mbwa wangu. Mbuzi abaki kwa mwenyewe."

Watu walinung'unika, walikuwa wametegemea zaidi. Baba na mtani wakatazamana, kisha mtani akasema Wamakonde wanapanda gari umbali wote ule kuja kusema wameridhika, na baba akasema Mmakua afunge mdomo wake asije akaingia nzi. Wakapeana mikono. Mimi sikumpa mkono mtu.

Gari lilianza kupanda kilima. Ndipo baba alisema, akitazama nyuma tulikotoka, "Nilimshika kiwele mbuzi wako kule nyuma. Mtani wangu amemkamua upande mmoja tangu siku alipozaa. Maziwa ya upande mmoja, kitoto cha mbuzi na kitoto cha mtu wanagawana. Leo ameitwa mwizi na wewe, na neno moja lingetosha kukunyamazisha. Hakulisema."

Nilimtazama mbwa.

"Yeye alikuwa na mbwa kiziwi na mjukuu mwenye njaa, hakuwa na kingine. Wewe ulikuwa na nini?" Akampapasa mbwa kichwani. "Nyani haoni kundule, mwanangu. Basi. Mama yako tusimwambie."

Hakunipiga wala hakulirudia jambo lile mpaka anaingia kaburini. Bora angenipiga.

Ngedere waliendelea, lakini walikutana na kitu kipya. Mbwa yule alijichagulia mahali pa kulala, chini ya dungu, mgongo wake umeegemea nguzo. Baba aligundua kwa bahati kwamba akikanyaga mbao za juu kwa nguvu, mbwa wa chini anaamka. Mtikisiko ulishuka kwenye nguzo ukamfikia mgongoni. Basi wakaelewana hivyo. Baba akiona ngedere anapiga mguu mara mbili, puu, puu, mbwa anatoka na kuinua macho, baba anaonyesha kidole, na mbwa anakwenda. Alikwenda bila kubweka, na hilo ndilo ngedere hawakulizoea. Makelele yao yote ya kutisha hayakumfikia. Walikuwa wanamzomea toka matawini, naye anakaa chini ya mti huohuo anawangoja kwa subira ya mtu wa foleni ya maji. Mwaka ule tulivuna.

Nyumbani pia tulizoea. Mama akitaka kumpa makombo alikuwa anapiga mguu sakafuni mlangoni. Mpaka leo nikiwa jikoni kwangu Masasi, chakula kikiiva, mguu wangu unataka kupiga chini mara mbili kabla sijawaita wanangu, na mara nyingine unapiga. Wanangu wanadhani ni ugonjwa.

Mtani alianza tena kupiga simu mwezi uleule. "Nipe mbwa nimsalimie," alikuwa anamwambia baba. Baba anachuchumaa na goti lake bovu, anaweka simu kwenye sikio la mbwa, mtani anasema maneno marefu ya Kimakua upande wa pili, na mbwa anailamba simu. Baba anairudisha sikioni mwake, anasema, "Kakuelewa. Anasema na wewe ufe." Sasa hivi ningetoa chochote kuisikia simu ile moja zaidi. Wakati ule nilikuwa nainuka na kutoka nje, kwa sababu kila mtani alipocheka mimi niliona kikombe cha bati.

Nilisoma ualimu, nikapangiwa kazi, nikaolewa. Nimepita Chiungutwa mara nyingi nikipanda Kitangari na kushuka. Sikuteremka hata mara moja. Kila safari nilijiambia safari ijayo.

Mbwa alikufa kwa uzee, mahali pake palepale penye nguzo. Baba alimchimbia mwenyewe, na dungu lile hakulipanda tena.

Baba alifariki mwaka juzi, korosho zikiwa bado zimeanikwa. Asubuhi ya mazishi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu niliposikia sauti kule njiani. "Nani amewadanganya kwamba huyu Mmakonde amekufa? Amejificha, anajua nimekuja kudai." Mtani alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Nyuma yake alikuwa binti mrefu wa sare ya sekondari, ameshika kamba ya mbuzi mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji.

Nilikwenda kumpokea. Nilisema, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwizi mwenzangu."

Waombolezaji wakacheka, mtani ana ruhusa yake. Mama alicheka pia, na machozi yake. Mzee hakucheka. Alinikabidhi kamba, akamwonyesha mbuzi kwa fimbo.

"Mjukuu wa yule wako. Amezaa juzi. Mkague kwanza ndipo umpokee, leo sitaki kwenda kwa mwenyekiti."

Nilipiga magoti pale uani na kanga yangu ya msiba, nikashika kiwele. Nikakamua kushoto, maziwa yakatoka. Nikakamua kulia, yakatoka. Nilitaka kusema neno ambalo nilikuwa nalo kwa miaka kumi na minne, lakini mikono yangu iliendelea kukamua. Binti wa sare aliinama akanisaidia kuinuka. Alikuwa ananizidi kimo.

"Shikamoo mama," alisema.

"Huyu ndiye wa kikombe," alisema mzee. "Amekua. Basi, yameisha hayo."

Makaburini alifanya kazi yake yote ya utani. Alizuia jeneza, alidai alipwe kwanza, alitaka lifunguliwe ahakikishe Mmakonde hajaondoka na jembe lake. Tukamlipa kuku na sarafu, tukacheka huku tunalia, kama inavyotakiwa. Mchungaji akamaliza, udongo ukashindiliwa, watu wakaanza kujipanga kuondoka. Ndipo mzee akasogea peke yake mpaka ukingoni, akasimama kwa fimbo. Akamwita baba kwa jina langu, Baba fulani, kama alivyomwita miaka yote. Akangoja. Akaita tena. Akatugeukia.

"Huyu naye hasikii," alisema. "Alipewa ugonjwa na mbwa wangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee akajishikiza vizuri kwenye fimbo, akainua mguu, akakanyaga udongo ule mbichi mara mbili, kwa nguvu. Kisha yeye na sisi wote, pamoja na mchungaji, tukasubiri.